Uanze na jarida gani? Merz, rot, manuskripte, Schreibheft na wenzao kwa anayetaka ushairi wa Kijerumani wa majaribio

Swali hili linarudi kila mara kwa watu waliofika B1 au B2 ya Kijerumani, yaani ngazi za katikati kwenye mizani inayoanzia A1 na kuishia C2. Wameshachoka na mazungumzo ya vitabu vya kozi, kununua tiketi, kupanga chumba, kwenda kwa daktari, wanapenda ushairi, na wamesikia kwamba Wajerumani na Waaustria na Waswisi wana ushairi uliovunja kila kanuni, sasa wanauliza waanzie wapi. Jibu wanalopewa mara nyingi ni jina moja kubwa, nenda kasome fulani, wanaenda wanakuta kitabu kinene kisicho na mahali pa kushika, baada ya muda kinalala kwenye rafu.

Mi nashauri uchague jarida kwanza, mshairi atakuja mwenyewe. Fasihi ya majaribio ya Kijerumani imekulia kwenye majarida madogo, mengi yakiendeshwa na mtu mmoja au wawili, na ukimsoma mshairi nje ya jarida lake unakosa nusu ya mambo, hujui alikuwa anabishana na nani, ukurasa wa jirani ulikuwa na nini, toleo lililofuata nani alimjibu. Sisi hili tunalifahamu vizuri tu, Mambo Leo lilipoanza 1923 lilikuja kuwa uwanja wa malenga, mtu anauliza kwa beti na mwenzake anamjibu toleo lijalo. Na mwaka huohuo 1923, kule Hannover, Ujerumani, msanii na mshairi Kurt Schwitters akaanzisha jarida lake Merz.

Kwa hiyo hapa nalinganisha majarida, mawili mawili, na naangalia vitu vitatu: Kijerumani chako kimefika wapi, jarida unalipata vipi ukiwa Dar au Mombasa au hata ukiwa Leipzig, na wewe unatafuta nini hasa. Umaarufu siuhesabu kabisa.

Merz kwa sikio, rot na futura kwa jicho

Hapa ndo pa kuanzia kwa mtu mwenye Kijerumani kidogo, na hili linawashangaza wengi kwa sababu wanadhani majaribio ni ya waliobobea. Kumbe sehemu kubwa ya ushairi huu ilianza kwa kuyavua maneno maana yake, sasa kama maana imeshavuliwa basi wewe na Mjerumani mmeanzia mstari mmoja.

Kabla ya Merz kulikuwa na Der Sturm ya Herwarth Walden, Berlin, 1910 hadi 1932. Humo August Stramm, mtumishi wa posta, alichapisha kuanzia 1914 mashairi ya mistari mifupi kupita kiasi, mengine neno moja tu kwa mstari, nomino zinafanywa vitenzi, kiunganishi hakuna, akaja kufa vitani 1915. Humo pia 1919 Schwitters alitoa An Anna Blume, shairi la mapenzi lililowafanya watu wamwone hana akili timamu. Der Sturm ni hazina ila kwa anayeanza ni kubwa mno, unapotea. Merz ni dogo, na hakuna toleo linalofanana na jingine. La 11, la 1924, linahusu matangazo ya biashara na lina matangazo ya wino wa Pelikan aliyoyasanifu Schwitters mwenyewe, maana usanifu wa matangazo ulikuwa sehemu ya riziki yake. La 13, la 1925, wala sio karatasi, ni santuri, unamsikia akighani kipande cha Ursonate. La 24, la 1932, ni Ursonate yote, kurasa zimepangwa na msanifu wa maandishi Jan Tschichold.

Ursonate ni shairi refu la sauti tupu, limejengwa kama sonata ya muziki yenye sehemu nne, kuna mada inatangazwa, inakuzwa, inapotea, inarudi imebadilika, na mbegu yake ilitoka kwenye shairi la bango la Raoul Hausmann la 1918 ambalo lilikuwa mfuatano wa herufi tu. Usilisome kwa macho. Tafuta sauti ya Schwitters mtandaoni, sikiliza huku umefungua maandishi yake, afu ughani na wewe kwa sauti ya kawaida, usinong'one. Mtu aliyekulia na tenzi zinazoghaniwa, anayejua kwamba shairi halijatimia mpaka litoke mdomoni, anaingia kwenye Ursonate haraka kuliko aliyezoea kusoma kimyakimya, hilo nina uhakika nalo. Matoleo kadhaa ya Merz pamoja na majarida mengine ya Dada, vuguvugu la wasanii waasi lililozuka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yameskaniwa na Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, unayafungua bure.

Lakini ukiingia Dada ingia ukijua kitu kimoja. Zürich mwaka 1916, kwenye Cabaret Voltaire, Richard Huelsenbeck alikuwa akipiga ngoma na kusoma aliyoyaita mashairi ya Weusi, maneno ya kubuni yanayoishia na "umba umba", na alipoambiwa sio ya kweli akatafutiwa mengine, ile umba akaibakiza hivyohivyo. Tristan Tzara, mwenzake, ana shairi linaitwa Zanzibar, na ndani yake wametajwa Waha na Wavinza, watu wa Kigoma huko, kwa sababu maneno yale ni shangwe za msafara wa Stanley mwaka 1871 ulipotoka salama nchi ya Uha kuelekea Ujiji, shangwe zilizokuwa zimeshachapwa kwenye kitabu cha Stanley. Yaani wapagazi wa njia ya Ujiji wamo ndani ya Dada, bila majina yao. Mi sisemi usisome, nasema usome ukiwa na haki ya kudai, maana Dada wenyewe walidai wanaivunja Ulaya iliyoleta vita huku mkono mmoja umeshika mali ya watu ambao Ulaya hiyohiyo ilikuwa inawatawala.

Upande wa jicho mambo yanaanzia Bern, 1953, jarida linaitwa spirale, Eugen Gomringer akiwa na Dieter Roth na Marcel Wyss. Gomringer alizaliwa Bolivia 1925, mama Mbolivia, na shairi lake linalojulikana kuliko yote lina neno moja tu, schweigen, kukaa kimya, limerudiwa mara 14 kwenye mistari mitano na katikati ya mstari wa tatu ameacha nafasi tupu. Neno linataja ukimya, ila ukimya wenyewe uko pale ambapo neno limetolewa. Mwaka 1955 kule Ulm alikutana na Décio Pignatari wa kundi la washairi la Noigandres la Brazil, wakakuta wanafanya kazi moja bila kujuana, na kuanzia hapo ushairi huu ukawa wa nchi nyingi, jambo ambalo mi nalipenda sana kwa sababu huwezi kusema ni wa Ujerumani peke yake.

Kituo chake kikubwa kikawa Stuttgart kwa mwanafalsafa Max Bense. Kwenye jarida lake la augenblick, 1959, Theo Lutz alichapisha matini yaliyotungwa na kompyuta aina ya Zuse Z22 kwa kuchanganya maneno 16 ya kiima na 16 ya kiarifu kutoka riwaya ya Kafka, Das Schloss. Mwaka 1959! Watu leo wanabishana kama mashine inaweza kuandika shairi kana kwamba swali limezuka juzi. Halafu 1960 Bense na Elisabeth Walther wakaanzisha mfululizo wa vijitabu vya rot, cha saba, cha 1962, ni cha hao Wabrazili wa Noigandres, na Hansjörg Mayer akatoa futura kati ya 1965 na 1968, matoleo 26, kila moja ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa.

Sasa uchague lipi? Kama uko A1 au A2, au unafundisha Kijerumani na unataka wanafunzi wapumue, chukua upande wa jicho, maneno ni machache, kamusi inatosha, na darasa zima linaweza kubishana kuhusu nafasi tupu moja kwa nusu saa. Usihangaike kutafuta futura halisi, zimeshakuwa mali ya wakusanyaji, nunua ile antholojia ya kampuni ya Reclam ya ushairi wa konkreti, ndo jina la ushairi huu wa jicho, aliyoihariri Gomringer mwenyewe, ya 1972, kijitabu kidogo cha bei nafuu. Lakini nasema wazi kwamba kwangu mimi upande wa sikio ndo wenye maisha marefu. Shairi la konkreti ukishalielewa umelielewa, linakaa pale ukutani limetulia. La sauti kila ukilighani linakuwa jingine.

Na nikisema ukutani namaanisha ukuta kweli. Mwaka 2011 shairi la Gomringer la avenidas, la Kihispania, liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa chuo cha Alice Salomon, Berlin, linataja barabara, maua, wanawake na mtazamaji mmoja anayevutiwa. Wanafunzi wakapinga, wakasema linawakumbusha jinsi wanawake wanavyotazamwa mitaani, kelele zikaenea nchi nzima, 2018 chuo kikaamua lifutwe na nafasi yake likachukua shairi la Barbara Köhler. Uko B2 na unatafuta mada ya kusoma magazetini pande zote mbili? Hii hapa, na shairi lenyewe lina maneno yasiyofika kumi tofauti, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutolisoma kabla ya kutoa maoni.

Kati ya sikio na jicho yuko Ernst Jandl, na yeye naye habari yake ni ya jarida. Mei 1957 mashairi yake yalitoka neue wege, jarida la vijana la Vienna lililokuwa linaingia mashuleni, pamoja na ya Gerhard Rühm na Ernst Kein. Waalimu wakaja juu, mhariri Friedrich Polakovics akapoteza nafasi yake, na Jandl, ambaye alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, akakaa miaka akikosa mchapishaji mpaka 1966 Laut und Luise ilipotoka kwa Walter Verlag, na hata hapo kitabu kile kikawa sababu mojawapo ya Otto F. Walter kuachana na kampuni iliyobeba jina la ukoo wake. Anayekumbuka jinsi wanamapokeo walivyompokea Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974 hatoshangaa. Tofauti ni kwamba sisi ugomvi ulikuwa wa vina na mizani, wao Jandl alikuwa ameshafika kwenye neno lenyewe: schtzngrmm ni neno la handaki la vita limenyang'anywa irabu zote, zimebaki konsonanti zinazopasuka kama risasi, na kwa sikio letu lililozoea kila neno kutua kwenye irabu lile shairi linapiga vibaya sana. Ukitaka laini zaidi kuna ottos mops, irabu pekee humo ni o, watoto wa shule Ujerumani wanalijua. Sauti yake ipo kwenye tovuti ya lyrikline, anasoma mwenyewe, bure.

manuskripte au Schreibheft

Hawa ndo wawili ambao watu wananiuliza zaidi, kwa sababu yote mawili bado yanatoka na yote mawili unaweza kujiandikisha ukaletewa. Na ndo hapa watu wanachagua vibaya, wanachukua moja bila kujua kwamba kazi zake ni tofauti kabisa.

manuskripte, kwa herufi ndogo hivyohivyo, lilianza 1960 huko Graz, Austria, wakati nyumba ya wasanii ya Forum Stadtpark inafunguliwa. Walianzisha Alfred Kolleritsch na Günter Waldorf, na Kolleritsch, mwalimu wa sekondari, aliliongoza mpaka alipofariki 2020. Miaka sitini mtu mmoja! Baada yake ni Andreas Unterweger. Humo ndo Peter Handke alichapisha akiwa mwanafunzi wa sheria asiyejulikana, humo Elfriede Jelinek, Barbara Frischmuth, Wolfgang Bauer, Gerhard Roth, na wawili kati ya hao, Jelinek 2004 na Handke 2019, wakaja kupata Nobel. Linatoka mara nne kwa mwaka, na ndani yake hamna mada, hamna maelezo marefu, ni matini tu yamefuatana, shairi, hadithi, kipande cha tamthilia, mzee maarufu amekaa pembeni ya binti anayechapishwa kwa mara ya kwanza.

Uzuri wa mpangilio huo kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba unaweza kuruka. Umeshindwa ukurasa huu, geuza, ujao ni sauti nyingine kabisa, labda hiyo itakukubali. B2 inatosha kupata kitu kila toleo. Udhaifu wake, na hili nalisema kwa heshima, ni kwamba manuskripte ya leo sio kali kama ya miaka ya 60, tangu miaka ya 70 masimulizi ya kawaida yalirudi kwa nguvu, kwa hiyo ukilinunua toleo la karibuni ukitegemea kila kitu kimevunjwavunjwa utasikitika. Anayetaka ule ukali atafute kwenye maktaba ya chuo matoleo ya miaka ile, hasa kuanzia 1965 ambapo Oswald Wiener wa kundi la waandishi la Vienna alianza kuchapisha kwa vipande kazi yake die verbesserung von mitteleuropa, roman, iliyokuja kuwa kitabu 1969. Inaitwa riwaya na haina hadithi, ina dibaji isiyotaka kuisha, viambatisho, na mwishoni mashine anayoiita bio-adapter, vazi ambalo mtu analiingia na taratibu linachukua nafasi ya ulimwengu wote mpaka linachukua na nafasi ya mwili wake. Aliandika hayo wakati simu ya mezani yenyewe haikuwa kila nyumba. Hii ni kazi ngumu, C1 na zaidi, ila kwa mtu wa IT anayejua Kijerumani ningemwambia aanze na kiambatisho hicho kabla ya kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Schreibheft linatoka Essen, lilianza 1977, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 lipo mikononi mwa Norbert Wehr. Mara mbili kwa mwaka tu, na kila toleo ni nene na limejengwa kwa mafungu, yaani mhariri anachukua mwandishi mmoja au swali moja anakusanya kila kitu kinacholihusu, matini, barua, tafsiri, insha za wanaobishana. Mfano ninaoupenda ni wa 2001, walipofungua ugomvi wa tafsiri za Kijerumani za Moby-Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville, ile ya Friedhelm Rathjen inayong'ang'ania ugumu wote wa Melville na ile ya Matthias Jendis iliyolainishwa isomeke. Wanakuwekea hoja na sentensi zenyewe, unapima mwenyewe.

Kwa hiyo Schreibheft linataka uwe na Kijerumani cha insha, C1 kweli, na uwe na subira ya kukaa na mwandishi mmoja kurasa nyingi. Pia sio jarida la Kijerumani peke yake, sehemu kubwa ni fasihi ya nje iliyotafsiriwa, kuna anayeliona hilo ni kasoro kwa sababu alitaka washairi wa Kijerumani. Mimi naliona kinyume. Mtafsiri yeyote anayefanya kazi kati ya Kijerumani na Kiswahili, na wapo, wachache lakini wapo, anapaswa kulisoma Schreibheft kuliko jarida lingine lolote hapa, kwa sababu ndo mahali ambapo tafsiri inachukuliwa kama kazi ya sanaa yenye mabishano yake na sio huduma ya pembeni. Nikiwa na hela ya jarida moja tu kwa mwaka na mimi ni mtafsiri, nalipia Schreibheft. Nikiwa mshairi, manuskripte. Ukiwa mwanafunzi tu unayetaka kusoma ufurahi, manuskripte, na ununue toleo moja moja la zamani kwa wauza vitabu vilivyotumika wa ZVAB badala ya kujiandikisha, maana posta ya kuleta Afrika Mashariki inaweza kuzidi bei ya jarida lenyewe.

Kama unaona manuskripte halikuelezi kitu na Schreibheft linaeleza mno, katikati kuna Zwischen den Zeilen, la Mswisi Urs Engeler, lililoanza 1992 na halitoki tena. Hilo lilikuwa linakupa mashairi ya mtu na maelezo ya mtu huyohuyo kuhusu anavyofanya kazi. Engeler ndo aliyemchapisha pia Ulf Stolterfoht, fachsprachen, kuanzia 1998, mashairi yaliyojengwa kwa lugha za kitaalamu, mafundi, wanasayansi, wataalamu wa isimu, na kwa wale wanaosoma Ausbildung, mafunzo ya kazi, ya ufundi Ujerumani na vichwa vimejaa majina ya vipuri ni raha ya aina yake kuona lugha ileile imegeuzwa ushairi.

neue texte au magazeti ya Prenzlauer Berg

Hapa sio suala la ugumu wa lugha tena, ni suala la unachoweza kukibeba.

Heimrad Bäcker alitoa neue texte huko Linz kuanzia 1968 mpaka 1991, pamoja na mkewe Margret, na kuanzia 1976 vitabu pia, ndo waliochapisha kitabu pekee cha mashairi cha Reinhard Priessnitz alichokitoa akiwa hai, vierundvierzig gedichte, 1978. Jarida lilibeba ushairi wa konkreti wakati wengine wanasema umeshakufa. Lakini sababu ya mimi kukupeleka huko ni kazi ya Bäcker mwenyewe. Aliingia chama cha Nazi akiwa na miaka 18, na maisha yake yote yaliyobaki aliyatumia kulikabili hilo, na mwaka 1986 akatoa nachschrift: amechukua sentensi kutoka nyaraka za Manazi, amri, orodha, ratiba za treni, takwimu, na barua za wahanga, akaziweka ukurasani peke yake zikiwa zimezungukwa na weupe. Hakuongeza tamko lake hata moja. Mbinu ni ileile ya schweigen ya Gomringer, neno chache na nafasi tupu, ila sasa nafasi tupu ina watu ndani yake.

Kilugha ni Kijerumani cha ofisi, B1 utasoma, na mtu anayeishi Ujerumani na kupokea barua za ofisi atalitambua lile umbo la sentensi isiyo na mtendaji, jambo limeamuliwa, limetekelezwa, na hakuna aliyelifanya. Usisome nyingi kwa mkao mmoja. Na aliyeambiwa kwamba ushairi wa majaribio ni mchezo wa watu walioshiba, mpe kitabu hiki.

Prenzlauer Berg ni mtaa wa Berlin Mashariki, miaka ya 80, nchi ambayo kitu cha kuchapwa kilihitaji kibali. Michoro ya wasanii isiyofika nakala 100 haikuhitaji, kwa hiyo washairi wakaungana na wachoraji, shairi likapita kwa silk screen au taipureta na karatasi ya kaboni, likafungwa pamoja na picha, likapita mkono kwa mkono. schaden, Mikado, ariadnefabrik, na Dresden na Leipzig walikuwa na yao. Sauti kubwa humo ni Bert Papenfuß, aliyeandika Kijerumani kwa tahajia aliyoipinda mwenyewe, na uzuri wake unausikia kabla hujauelewa. Sehemu ya majarida haya imeskaniwa na maktaba ya SLUB ya Dresden, na kuna antholojia ya 1992, Vogel oder Käfig sein, inayokusanya matini kutoka humo.

Ukisoma usisahau kilichogundulika baadaye. Kati ya 1991 na 1992 ilijulikana kwamba Sascha Anderson, mtu wa katikati kabisa wa mtaa ule, na Rainer Schedlinski, mmoja wa wahariri wa ariadnefabrik, walikuwa wakipeleka taarifa za wenzao Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki. Watu wakasema basi yote yalikuwa uongo. Sikubaliani. Mashairi ya Papenfuß hayakuandikwa na Stasi, na mtu aliyekaa usiku akipiga taipureta nakala hazifiki mia alikuwa anafanya kazi ya kweli hata kama aliyekaa meza ya pili anaandika ripoti.

Uchague lipi? Kwa mwanafunzi wa historia au mwanahabari, Prenzlauer Berg, kuna watu, kuna usaliti, kuna mengi ya kufuatilia, ila tahajia ile itakuchosha kama hujafika C1. Kwa anayetaka kujua ushairi wa maneno machache unaweza kubeba uzito kiasi gani, neue texte na Bäcker, bila kusita.

Na kama unataka kutuma kazi yako

Hapo yote niliyosema juu yanabadilika. Kuna Waswahili wanaoandika Kijerumani sasa hivi, waliokwenda kusoma, kufanya kazi za uuguzi, waliozaliwa hukohuko, na wananiuliza wapeleke wapi. Usianze na Schreibheft, lile mhariri anajenga mafungu yake mwenyewe. manuskripte lina historia ndefu ya kuchapisha wasiojulikana, ni haki kujaribu. Ila mimi ningeanza na Edit la Leipzig, lipo tangu 1993, au BELLA triste la Hildesheim, lilianzishwa 2001 na wanafunzi wa uandishi wa chuo kikuu cha pale na ni la fasihi changa kabisa, wanasoma kazi ambazo bado hazijajua zinataka kuwa nini.

Nunua kwanza toleo moja la karibuni la jarida unalotaka kutuma, ulisome lote, uone kama ungependa shairi lako lilale pale katikati ya yale. Angalia tovuti yao wanataka kurasa ngapi, usizidishe. Kijerumani chako chenye lafudhi usikisafishe mpaka kikaisha ladha, kama kosa ni la makusudi liache lionekane ni la makusudi. BELLA triste linahaririwa na wanafunzi na timu inabadilika, kwa hiyo waliokurudishia kazi mwaka huu huenda sio watakaosoma mwaka kesho, tuma tena.